Kadi inayojilipa yenyewe: dawa ya deni, au mali bila daftari?

Wewe uliye kwenye kompyuta ya kulipia kwa saa, naomba dakika kumi na tano tu. Mada ya leo ina hela ndani yake.

Kitaani kwetu karibu kila nyumba ina mtu ughaibuni, na asiye na mtu huko basi ana ndoto ya kwenda mwenyewe. Tunaulizana viza inapatikanaje, kazi zikoje, baridi ikoje. Hakuna anayeuliza habari za deni. Ukifika Marekani, kitu cha pili utakachopewa baada ya kazi ni kadi ya mkopo, na kitu cha tatu ni ushauri: "Iweke kwenye makato ya otomatiki, bwana. Benki ikate juu kwa juu kila mwezi, wewe lala usingizi." Wafanyakazi wa benki wanakuambia hivyo, marafiki wanakuambia hivyo, hata barua za benki zinakuambia hivyo. Mimi nikiona benki inakusisitiza ulale usingizi, huwa natafuta kalamu.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili atakayeishiwa na muda aondoke nayo: makato ya otomatiki yanalipa bili, hayasomi bili. Zamani kulipa na kusoma ilikuwa kazi moja, maana huwezi kulipa karatasi usiyoifungua. Sasa kulipa kumepewa mashine, na kusoma hakukupewa mtu yeyote. Wazee walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa tunaongelea deni bila daftari, na deni bila daftari halipotei, linanenepa.

KWANZA TUELEWANE NI KADI IPI

Usichanganye na kadi yako ya ATM. Kadi ya ATM inatoa hela yako mwenyewe, zikiisha zimeisha. Kadi ya mkopo inatoa hela ya benki. Unanunua leo viatu, mafuta ya gari, tiketi ya ndege, halafu kila mwezi benki inakuletea bili: umetumia kiasi hiki, lipa kabla ya tarehe fulani.

Kwenye bili hiyo kuna namba mbili za kuangalia. Ya kwanza ni deni lote la bili. Ya pili ni kiwango cha chini, yaani hela ndogo kabisa unayoweza kulipa usihesabiwe kuwa umechelewa. Ukilipa deni lote kwa wakati, kwa kawaida hutozwi riba kwenye manunuzi yako. Ukilipa kidogo, riba inaanza kukimbia kwenye kilichobaki, na zaidi ya hapo hata vitu vipya unavyonunua mwezi unaofuata vinaanza kutozwa riba toka siku ya manunuzi. Zile siku za neema zinaondoka.

Na riba ya huko si mchezo. Tangu mwaka 2023 wastani wa riba za kadi Marekani umekuwa juu ya asilimia 20 kwa mwaka. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, Benki Kuu ya nchi hiyo kupitia tawi lake la New York ilitangaza kuwa deni la kadi za mkopo la Wamarekani wote limevuka dola trilioni 1 kwa mara ya kwanza. Trilioni, wadau. Hizo ni hela za watu wa kawaida: wauguzi, madereva, wabeba maboksi, ndugu zetu wakiwemo.

TUWE WAKWELI, MAKATO YANA FAIDA

Sitaki kuonekana napinga maendeleo. Ukisahau tarehe ya kulipa unapigwa faini. Machi 2024 ofisi ya serikali ya Marekani inayolinda watumiaji wa huduma za fedha, CFPB, ilipitisha kanuni ya kuishusha faini hiyo mpaka dola 8 kwa mabenki makubwa, kutoka wastani wa kama dola 32. Mabenki yakaenda mahakamani Texas. Mei 2024 jaji akaisimamisha, na Aprili 2025 kanuni ikafutwa kabisa. Kwa hiyo faini ziko palepale.

Tena ukichelewa siku 30 na kuendelea, benki inaweza kupeleka taarifa kwa makampuni yanayotunza kumbukumbu za wakopaji. Huko mtu mwenye kumbukumbu mbaya anapata shida mpaka kwenye kupangisha chumba. Mtu anayefanya kazi mbili, anatoka ya usiku na kuingia ya asubuhi, kusahau tarehe ni rahisi kuliko kunywa maji. Huyo makato yanamwokoa, sibishi. Tatizo ni kwamba anaokolewa kwenye shimo moja na kuachwa aende mwenyewe kwenye mengine manne.

SHIMO LA KWANZA: KIWANGO CHA CHINI

Unapojiandikisha kwenye makato, benki inakuuliza tukate kiasi gani. Mara nyingi machaguo ni matatu: deni lote la bili, kiasi maalum unachotaja wewe, au kiwango cha chini. Mtu mwenye kipato cha kuungaunga anaogopa kuchagua deni lote, maana akaunti inaweza kukauka kabla ya kodi ya nyumba. Anajisemea, "Ngoja niweke kiwango cha chini kwa usalama, nikipata cha ziada nitaongeza mwenyewe." Ni wazo zuri kabisa. Linakufa mwezi wa pili.

Tupige hesabu ya penseli. Una deni la dola 2,000, riba asilimia 22 kwa mwaka. Benki nyingi zinahesabu kiwango cha chini kwa kuchukua riba ya mwezi na kuongeza asilimia 1 ya deni. Mwezi wa kwanza riba ni kama dola 37, asilimia 1 ni dola 20, kwa hiyo unakatwa kama dola 57. Tuseme kadi umeifungia kabatini, hununui tena hata pipi.

Baada ya mwaka mmoja umelipa kama dola 644. Deni limepungua kwa dola ngapi? 227 tu. Zilizobaki zimeliwa na riba. Tuendelee. Baada ya miaka minne umeshalipa takriban dola 2,170, yaani umeshapita kiasi ulichokopa, na bado unadaiwa kama dola 1,235. Katika muda wote huo hukuchelewa hata siku moja. Hakuna aliyekupigia simu, hakuna barua nyekundu. Kila mwezi ulipata ujumbe mtamu: asante, malipo yako yamepokelewa.

Hapo ndipo penye ujanja, na sidhani kama ni lazima awepo mtu mbaya nyuma yake. Mfumo unafanya kazi vizuri kabisa, na kufanya kazi vizuri ndiko kunakokumaliza.

Kuna watafiti wa Uingereza, akiwemo Neil Stewart wa Chuo Kikuu cha Warwick na John Gathergood wa Nottingham, waliochapisha kazi yao mwaka 2022 katika Journal of Marketing Research. Walichambua rekodi za malipo ya kadi zenyewe, hawakutegemea kuuliza watu maoni. Waligundua kuwa mtu akishaweka makato ya kiwango cha chini, anaacha yale malipo makubwa aliyokuwa akiyafanya mara mojamoja zamani. Matokeo yake, riba anayoongezewa inazidi faini alizoepuka. Wakakadiria kuwa karibu asilimia 8 ya riba yote inayolipwa inatokana na tabia hiyo. Yaani mtu anakimbia faini ya kuchelewa, anaingia kwenye riba kubwa kuliko faini aliyoikimbia.

Sasa sikia kichekesho. Mwaka 2009 Rais Barack Obama alitia saini sheria ya kadi za mkopo, na sehemu yake kubwa ilianza kazi Februari 2010. Sheria hiyo inailazimisha benki kuweka kwenye kila bili kisanduku cha onyo: ukilipa kiwango cha chini tu utamaliza deni baada ya miaka mingapi na kwa jumla ya kiasi gani, na ukitaka kumaliza ndani ya miezi 36 ulipe ngapi kila mwezi. Ni sheria nzuri, hesabu yangu ya penseli hapo juu imeshafanywa na kuandikwa kwenye bili yenyewe. Lakini nani anafungua bili ambayo imeshalipwa? Onyo limebandikwa kwenye mlango ambao makato yameufanya usipite tena.

Kuna na lile shimo dogo ndani ya shimo: kadi za maduka zinazosema "hakuna riba ukimaliza ndani ya miezi 12." Nyingine zina masharti kwamba usipomaliza lote, riba inahesabiwa kurudi nyuma mpaka siku uliyonunua. Makato ya kiwango cha chini kwa kawaida hayawezi kumaliza deni ndani ya muda huo. Mwezi wa kumi na tatu unaletewa riba ya mwaka mzima, na wewe ulikuwa unalipa kila mwezi bila kukosa.

SHIMO LA PILI: BILI INA WAGENI

Bili ya kadi siyo deni tu, ni orodha ya kila aliyechota kwenye mfuko wako. Huduma ya filamu uliyojaribu bure wiki moja ukasahau kuifuta. Ukumbi wa mazoezi uliouacha ulipohama mji. Mwizi aliyepata namba ya kadi yako na kuanza na dola 3 aone kama umelala.

Jirani yetu mmoja hapa mtaani yuko Minnesota, anafanya kazi ya kutunza wazee. Mdogo wake tunakaa kijiwe kimoja. Dada huyo alikuwa kwenye makato ya deni lote, siyo hata kiwango cha chini, kwa hiyo shimo la kwanza alilikwepa. Siku moja alifungua bili kwa sababu alihitaji karatasi yenye anwani yake. Akakuta kuna kampuni inamtoza dola 14 na senti kila mwezi kwa huduma asiyoijua. Kurudi nyuma, miezi kumi na tisa. Zidisha mwenyewe. Kwenye familia yao hiyo hela ina jina, ni ada ya muhula wa mdogo wake wa mwisho. Ndugu walikuwa wanamuuliza mbona siku hizi anatuma kidogo, na yeye hana jibu.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 inampa mwenye kadi haki ya kupinga kosa kwenye bili, na benki inatakiwa ichunguze na kumjibu ndani ya muda maalum. Lakini anatakiwa aandike ndani ya siku 60 toka bili yenye kosa ilipotumwa. Siku 60, siyo miezi kumi na tisa. Baadhi ya benki zinaweza kukusikiliza hata baadaye kwa hisani, ila hisani siyo haki. Kwa hiyo haki ipo, imeandikwa, tena ni nzuri. Imetolewa kwa mtu anayesoma bili tu. Asiyesoma anaiachia ipite kila baada ya miezi miwili bila kujua kuwa aliwahi kuwa nayo.

Na usidhani wanaotegemea usingizi wako ni matapeli wa uchochoroni pekee. Septemba 2025 kampuni ya Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi na tume ya serikali inayosimamia ushindani na haki za wateja, FTC: bilioni 1 faini, bilioni 1.5 za kurudishia wateja. Tume ilidai mamilioni ya watu waliingizwa kwenye uanachama wa Prime bila ridhaa ya kweli, na mlango wa kutokea ukafanywa mgumu. Amazon haikukiri kosa, ililipa tu yaishe. Tume hiyohiyo ilikuwa imetunga kanuni Oktoba 2024 ya kulazimisha kujitoa kuwe rahisi kama kujiunga. Julai 2025 mahakama ya rufaa ikaifuta kabla haijaanza kuuma, kwa sababu ya utaratibu uliotumika kuitunga.

Unaona mwelekeo? Kanuni ya faini imefutwa, kanuni ya kujitoa imefutwa, na ofisi ya CFPB yenyewe toka Februari 2025 serikali ya Donald Trump imekuwa ikiipunguza nguvu. Walinzi wanapungua getini wakati huohuo unaambiwa lala.

SHIMO LA TATU: MASHINE NAYO INAUGUA

Kuna mdau atasema, mashine haikosei, binadamu ndiye anayekosea. Soma hii.

Aprili 2021 kampuni ya ACI Worldwide, inayoendesha mifumo ya malipo, ilikuwa inafanya majaribio ya mfumo wake. Majaribio yalitumia taarifa halisi za wateja wa Mr. Cooper, kampuni kubwa ya mikopo ya nyumba. Maagizo ya majaribio yakaponyoka na kuingia kwenye mtandao halisi wa mabenki. Karibu wenye nyumba 500,000 wakaanzishiwa makato ambayo hawakuyaidhinisha, jumla yake kama dola bilioni 2.3. Watu waliamka Jumamosi wakakuta akaunti zao zimepigwa, wengine zaidi ya mara moja kwa siku moja. Juni 2023 CFPB iliipiga ACI faini ya dola milioni 25.

Hiyo ilikuwa mikopo ya nyumba, siyo kadi, lakini bomba ni lilelile. Ukishatoa ruhusa ya kukatwa juu kwa juu, umempa mtu mwingine ufunguo wa akaunti yako, na ufunguo huo unapita kwenye mikono ya makampuni ambayo hata majina yake huyajui. Waliogundua mapema ni wale walioangalia akaunti zao asubuhi hiyo. Aliyelala alijua siku kadi yake ilipokataa dukani.

SHIMO LA NNE: AKAUNTI IMEKAUKA

Hili ndilo la maskini hasa. Mshahara unaingia Ijumaa, makato yako ni Alhamisi. Mashine haijui kuwa kesho utalipwa. Inakuja, inakuta hakuna kitu. Benki ya akaunti yako inaweza kukutoza kwa kuzidisha matumizi. Benki ya kadi inaweza kukutoza kwa malipo yaliyorudishwa. Bili nayo haijalipwa, riba inaendelea. Tukio moja, makofi matatu. Angelipa kwa mkono angesubiri mshahara uingie, akalipa Ijumaa jioni, na pengine asingetozwa hata senti.

Jambo jingine ambalo watu hawalijui ni kwamba ukijiandikisha leo, mara nyingi makato yanaanza na bili inayofuata, siyo hii iliyopo mezani. Mtu anajiandikisha, anashusha pumzi, anapigwa faini kwa bili ya mwezi huohuo. Na ukibadilisha benki ukafunga akaunti ya zamani, makato yanaendelea kugonga mlango wa nyumba uliyohama.

HAPA KWETU JE?

Utasema haya ni ya wazungu, sisi kadi za mkopo tunaziona kwenye sinema. Subiri kidogo.

Januari 2019 Safaricom ya Kenya pamoja na mabenki mawili walizindua Fuliza, huduma ya kukukopesha pale M-Pesa yako inapopungukiwa katikati ya malipo. Mteja ananunua kitu, hela haitoshi, Fuliza inajazia. Hela yoyote ikiingia kwenye simu yake, deni linakatwa kwanza, juu kwa juu, kabla hajaigusa. Hapa Bongo nako Vodacom wana Songesha kwa mtindo uleule. Huko Marekani angalau unachagua ukatwe ngapi na siku gani. Huku huulizwi. Mama ametumiwa na mwanae hela ya dawa, inafika imeshamegwa. Ujumbe wa simu unaeleza yote, kiasi kilichoingia na kilichokatwa, ila ni wangapi wanausoma mpaka mwisho? Wengi tunaangalia salio tu, tunaguna, tunakopa tena.

Kwa hiyo hili somo halisubiri viza. Ni somo la kila mahali ambapo anayedai ndiye ameshika mkasi.

INAWEZEKANA KUWA TOFAUTI

Tusiishie kulalamika. Angalia India. Kuanzia Oktoba 1, 2021 Benki Kuu ya India iliamuru kwamba makato ya kujirudia kwenye kadi lazima mteja apewe taarifa angalau saa 24 kabla, akiwa na nafasi ya kukataa. Kwa makato yanayozidi rupia 5,000, haikatwi mpaka mteja athibitishe mwenyewe kila mara. Juni 2022 kiwango hicho kilipandishwa mpaka rupia 15,000. Mwanzoni palikuwa na vurugu, makato mengi yalikwama kwa sababu mabenki na wafanyabiashara hawakuwa wamejiandaa, na wateja walilalamika. Lakini angalia wazo lenyewe: waliiacha mashine ilipe, wakaikatalia isilipe kimyakimya. Kazi ya kusoma wakairudisha kwa mwenye hela, kwa lazima kidogo.

Hilo linaonyesha kuwa ukimya siyo tabia ya teknolojia. Ni chaguo, na kuna anayefaidika nalo. Kampuni inayoweza kukutumia ujumbe wa ofa mara tatu kwa siku haishindwi kukutumia mmoja unaosema: kesho tunakata kiasi hiki, sehemu hii ni riba, na kwa mwendo huu utamaliza mwaka fulani.

SASA UFANYEJE?

Mdau atanirukia: wewe kidato cha nne, kadi ya mkopo hujawahi kuishika, unamfundisha nani? Sawa. Kadi sijashika, kalamu nimeshika. Kuzidisha na kutoa hakuhitaji viza. Kwa hiyo mwenye ndugu huko amtumie haya, na anayejiandaa kwenda ayabebe.

Kama hela inatosha, weka makato ya deni lote la bili. Kama haitoshi, tumia kiwango cha chini kama mkanda wa gari tu, yaani kinga ya kusahau, halafu kila siku ya mshahara ongeza kwa mkono kiasi chochote kinachozidi hapo. Au chagua kiasi maalum: angalia kile kisanduku kwenye bili, chukua ile namba ya miezi 36, ifanye ndiyo makato yako.

Omba benki ikubadilishie tarehe ya kulipa iangukie siku chache baada ya mshahara. Benki nyingi zinakubali, ni kuomba tu.

Kwa sheria ya Marekani bili inatakiwa itumwe angalau siku 21 kabla ya tarehe ya kulipa, kwa hiyo muda wa kusoma upo. Dakika kumi kwa mwezi. Pitia mstari kwa mstari, usiyemjua mpigie simu. Ukiona kosa, andika kabla ya siku 60. Na ukiwahi kutoa taarifa angalau siku 3 za kazi kabla ya makato, benki ya kadi hairuhusiwi kukata ile sehemu unayoipinga. Hili la siku tatu wengi hawalijui kabisa.

Washa ujumbe wa simu kwa kila muamala. Utakukera, ndiyo kazi yake.

Na mwisho, sisi tunaopokea huku. Ndugu akisema mwezi huu mambo magumu, usikimbilie kusema amebadilika, ameoa mzungu, anajisikia. Muulize kwa upole: kadi yako unalipa kiasi gani, deni lote au kiwango cha chini? Mara ya mwisho kufungua bili ni lini? Huenda likawa swali la faida kuliko pole zote tunazompa kwenye simu.

Dawa ya deni ni kulipa, hiyo haijabadilika. Lakini dawa huwa ina kipimo, na kipimo kimeandikwa kwenye karatasi iliyo ndani ya boksi. Aliyekuambia usihangaike kuisoma ndiye anayeuza dawa.

Naomba kutoa hoja. Wadau wa Marekani, Uingereza na Kenya, nyie mnaokatwa kila mwezi, shukeni hapo chini mtupe yenu, na kama nimepiga hesabu vibaya nisahihisheni kwa namba, siyo kwa matusi. Tuko pamoja.